Mkungu, Mavyaa na Paka wa Mtaa

Mkungu wa uani kwetu, hapa Tanga, hupukutisha majani mara mbili kwa mwaka, na kila ukipukutisha nyumba huingia vitani. Majani yenyewe mapana kama sahani, mekundu utadhani yamepakwa hina. Mavyaa wangu anayo dawa yake: fagio la chelewa, kiberiti, na moshi unaoingia mpaka kwenye kanga zilizoanikwa.

Safari hii nikatangaza: hakuna kuchoma, tunatengeneza mboji. Baba Zuhura akazungusha wavu wa kuku, tukajaza majani mpaka usawa wa kifua. Mavyaa akatazama, akatema tambuu, akasema, "Haya."

Hiyo "haya" yake naijua.

Miezi miwili baadaye nikalifunua rundo. Juu majani yamelaliana kama vigae, mvua yote imeteleza pembeni. Chini yanachakarika, makavu kama siku tuliyoyafagia. Bwana shamba alicheka. Majani makavu ni kaboni tupu, akaniambia, naitrojeni haba. Bila samadi au kitu kibichi, vijidudu vya kuozesha havina nguvu za kufanya kazi. Tena mapana namna ile yakatwekatwe kwanza.

Nikashika panga jioni tatu. Nikachanganya mavi ya kuku na maganda ya ndizi, nikanyunyiza maji. Kisha, kwa tamaa yangu, nikafukia humo ndoo nzima ya matumbo ya samaki. Hilo bwana shamba hakunituma.

Saa nane za usiku paka wa mtaa mzima wakaitisha mkutano. Bati nililofunikia likaporomoka. Jirani akapiga kelele, "Mwizi!" Watu walipofika na tochi wakanikuta mimi, upande mmoja wa kanga, reki mkononi, nanuka shombo. Mavyaa alisimama mlangoni asiseme neno. Afadhali angesema.

Matumbo nikayahamishia kwenye shimo refu mgombani. Siku ya nne, alfajiri, rundo likawa linafuka. Nikachomeka kipande cha nondo katikati, nilipokichomoa hakishikiki. Mboji ikikolea hufika hata nyuzi 60 za selsiasi! Nikakimbia ndani kumwamsha Baba Zuhura aje kushuhudia.

Tulipotoka, mavyaa alikuwa ameshika ndoo tupu, na maji meusi yanachuruzika kutoka kwenye rundo mpaka kizingitini.

"Si mlisema hakuna kuchoma?"