Hongo ya Asali

Bibi yangu wa Isevya hamwamini mtu anayesafiri mikono mitupu. Kwake yeye, atokaye Tabora bila mzigo ama katoroka ama kafukuzwa. Ndiyo maana siku nilipochaguliwa kujiunga na chuo kikuu Dar es Salaam hakuuliza nakwenda kusoma nini. Aliuliza, "Utabeba nini?"

Nikasema nitabeba vyeti. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa mjukuu wake anaoa picha.

Msimcheke. Mji wetu uliota juu ya njia ya mizigo. Kabla ya reli, pembe za ndovu zilishuka pwani na nguo zikapanda bara, zote zikipitia Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji huu, na vichwa vilivyozibeba vilikuwa zaidi vya Wanyamwezi: frasila mbili kwa mtu, kilo thelathini na kitu. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Siku 134. Vitabu vimewaandika kwa kufika. Waliofika siku hiyohiyo, tena na mahema ya hao wawili kichwani, majina yao yamebaki njiani. Bibi anasema babu wa babu yake alikuwa mtu wa pembe, na watu wa pembe hawakukubali kubeba shanga, ilikuwa ni kujishusha. Sasa mimi niende Dar na bahasha ya kaki! Ukoo ungeniweka wapi?

Ikaamuliwa nibebe asali. Tatizo ni kwamba asali ilikuwa kwa mjomba, na mjomba alikuwa kambini kwenye misitu ya Sikonge akirina, mahali ambapo simu hata ukipanda mti haishiki. Nikamwambia bibi chuo kinafungua Jumatatu.

"Kwani kitahama?" akauliza.

Tukamngoja mjomba siku tatu. Siku ya nne aliingia kwa baiskeli, nyuma kafunga dumu la lita kumi. Kifuniko kilipotea huko porini, kwa hiyo kaliziba kwa gunzi la hindi lililoviringishwa nailoni. Bibi akaongeza kiroba cha michembe ya viazi na kingine cha karanga, kwa hoja kwamba Dar hakuna chakula. Alikwenda mara moja, miaka mingi iliyopita, akakuta wali tu.

Reli iliyonichukua ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo safari ya miezi imekuwa safari ya siku. Haina maana kwamba mzigo umekuwa mwepesi. Nililaza begi la vyeti sakafuni, juu yake nikasimamisha dumu, juu ya dumu nikaegemeza kichwa. Usiku treni ikakata Ugogo nami nimelala fofofo. Wapagazi wasingelala hapo. Ugogo ndiko watemi walikotoza hongo kali kuliko kote njiani: nguo, shanga, waya, ndipo msafara upate ruhusa ya kupita na kuteka maji. Wakati huo hongo lilikuwa neno la heshima, kama ushuru wa daraja. Leo ukilitamka ofisini watu wanafunga mlango. Basi mimi nilipita bure, na nadhani mizimu ya njia iliandika deni. Nilipoamka Morogoro, dumu lilikuwa limelala ubavu na gunzi liko mbali nalo.

Siku ya usajili karani wa chuo alivuta vyeti vyangu kutoka kwenye begi, vikatoka vyote pamoja, vizito, vinanukia vizuri.

"Kijana, hivi ni vyeti viwili au kimoja?"

"Viwili, dada. Cha kuzaliwa na cha kidato cha nne."

Akajaribu kuvibandua kwa ukucha. Cha kuzaliwa kilitoka, lakini kimechukua kipande cha mwenzake. Tangu siku hiyo, kwa mujibu wa karatasi, nilizaliwa wilayani Tabora nikiwa na C ya Jiografia.

Na kwa kuwa nimechelewa siku nne, vyumba vya hosteli vilikuwa vimeshagawiwa. Hapo ndipo nilipojifunza neno ambalo halimo kwenye mwongozo wa chuo: kubebwa. Mwenye kitanda halali anakukaribisha kitandani kwake, mnalala mzungu wa nne, yeye anaitwa mbebaji na wewe unaitwa mbebwaji. Nililisikia neno lile nikakosa raha. Ukoo mzima umebeba, umebeba pembe, umebeba Wazungu wenye homa kwenye machela, halafu mjukuu anafika mjini anabebwa! Nilimficha bibi. Akipiga simu kuuliza nimelala wapi, namwambia, "Kitandani, bibi," na huo haukuwa uongo, ila kitanda kilikuwa cha mtu wa sheria mwaka wa pili, mwenye miguu mirefu.

Chumba kilikuwa cha watu wanne, tukakaa saba. Waliobeba: wa sheria, wa uhandisi, wa isimu na wa uchumi. Waliobebwa: wa hisabati, wa baiolojia na mimi wa historia. Nikiwatazama usiku, nilikuwa naona kwamba hata wale wanne wenye vitanda kuna aliyewabeba. Wa uhandisi alipata mkopo wa serikali kwa asilimia mia. Wa isimu alipata nusu. Nusu nyingine ilikuwa ng'ombe, na kila muhula alikuwa anatuambia zizini wamebaki wangapi. Wa uchumi alisomeshwa na parokia, wa sheria na tumbaku ya baba yake Urambo, na tumbaku ile ikishuka bei sokoni, yeye alikuwa wa kwanza kukonda. Wa hisabati alichangiwa na kijiji kizima, jambo lililomtesa kuliko njaa, maana kila mtu kijijini alikuwa na haki ya kumpigia simu kuuliza matokeo.

Wazee wetu wanapenda kukumbusha kwamba enzi zao serikali ililipa kila kitu. Ni kweli, ila nayo haikuwa bure kama wanavyoisimulia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, makato ya mshahara yakiwemo. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea Tabora kuanzia 1937 kabla ya kwenda Makerere, akawarudisha karibu 400 makwao wakalime, kisha akajikata mshahara wake asilimia 20. Miaka ya 1990 ukaja uchangiaji. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, na mwaka uliofuata Bodi ikaanza kazi. Mimi nilijaza fomu yake Isevya mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na penye kazi ya mlezi bibi alitaka iandikwe "mfugaji nyuki". Mwenyekiti akamwonya kwamba nyuki wakihesabiwa ataonekana tajiri. "Nyuki si wangu," bibi akasema, "ni wa Mungu. Mimi nina mizinga tu." Ikaandikwa mkulima. Mkopo nikapata. Fedha ya kujikimu, ambayo sisi tunaiita bumu, ndiyo haikunifikia mwezi wa kwanza, kwa kosa langu mwenyewe: kwenye namba ya akaunti niliandika 6 penye 9. Nadhani niliishika kadi kichwa chini.

Kwa hiyo tukawa tunaishi kwa michembe na asali. Wapagazi walipewa posho ya kila siku. Yetu ilikuwa kwenye dumu, chini ya meza ya kusomea. Asubuhi ya tano sisimizi wakafika.

Hawakuja kwa fujo. Walikuja kwa mstari, kutoka dirishani, wakashuka ukutani, wakavuka sakafu hadi kwenye gunzi. Na mbele yao wakawakuta wasomi saba.

Wa sheria alitaka kwanza tujue hadhi yao, ni wavamizi au ni wapangaji? Akatuonya tusiwaache ikatimia miaka 12, maana madai ya ardhi yakishapita hapo mahakama haiyasikilizi. Wa uhandisi hakujibu, alikuwa anachora. Alichora siku mbili, siku ya tatu akaweka dumu juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda ndani ya kopo la maziwa lenye maji. Kazi safi kabisa. Sisimizi walisimama ukingoni wakatazamana. Usiku ule blanketi la wa isimu likateleza kutoka kitandani, ncha moja ikagusa sakafu na nyingine ikagusa kigoda, wakavukia hapo.

Mwenye blanketi hakuomba radhi. Alikuwa anashangaa tunapiganaje na kitu ambacho hatujakubaliana jina lake. Kwao wanaita chungu. Akachukua chaki akaandika mlangoni: chungu cha kupikia, dawa chungu, chungu anayetambaa. Akauliza, haya ni maneno matatu au ni neno moja lenye maana tatu? Tukabishana saa nzima na ushee. Mimi mwenyewe nilipandisha sauti, sijui kwa nini.

Wa uchumi akapendekeza tuiuze asali kikombe kikombe kabla haijaliwa yote. Akapanga bei, akabandika tangazo. Ukumbi mzima ulikuja kuonja, hakuna aliyenunua, kwa kuwa bumu la watu wengi lilikuwa limeshaisha. Akatueleza kwa upole kwamba hamu ya watu si mahitaji mpaka iwe na pesa mfukoni, akaliandika hilo kwenye zoezi lake, akapata A. Hakutugawia.

Wa hisabati alihesabu sisimizi kwa dakika, akakadiria mzigo wa kila mmoja, akapata kwamba kwa mwendo ule dumu lingeisha sisi sote tukiwa wastaafu. "Kwa hiyo hakuna tatizo," akasema, akageukia ukuta akalala.

Nami nikatoa mchango wangu. Nikasema huu ni msafara, una kirangozi mbele, una wapagazi, una kambi. Wakaniambia ninyamaze, kwani mwenye mzigo ni mimi.

Aliyesema jambo la maana ni wa baiolojia. Sisimizi akipata chakula, alisema, anaporudi huacha harufu njiani. Wenzake huifuata, na kadiri wanavyopita wengi ndivyo harufu inavyokolea. Dawa ni kuifuta njia kwa maji ya sabuni. Tukamsifu sana. Tukakubaliana tufute kesho.

Kesho yake, saa kumi alfajiri, ukafanyika msako wa wabebwaji.

Mlangoni paligongwa. Wa hisabati alikuwa ameshapotelea bafuni, wa baiolojia akaingia kabatini, nami nikajitosa mvunguni mwa kitanda, ambako siku hiyo ndiko tulikohamishia dumu. Nikalikumbatia lisipige kelele. Gunzi likachomoka. Asali ikaanza kushuka kifuani taratibu, kwa adabu, kama kila kitu kitokacho Tabora.

Wadeni akaingia na tochi. Akahesabu vichwa vinne, akaridhika, akageuka kutoka. Kisha tochi ikasimama sakafuni. Mstari ulikuwa unatoka dirishani, umeipita ile njia ya jana, umekata kulia na kuingia mvunguni, mpana kuliko siku zote.

"Hawa wanamfuata nani?"

Hakuna aliyejibu. Nikavumilia. Nadhani ningevumilia hadi adhuhuri kama mmoja wao asingeniingia sikioni.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikiwa huko huko chini.

"Marahaba. Toka kwanza."

Nikatoka kwa kuchelewa, sakafu inanivuta. Akanimulika kuanzia nywele.

"Unatoka wapi wewe?"

"Tabora, mzee. Isevya."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

Uso wake ukafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaketi kwenye kitanda cha wa uchumi. "Mimi Mzaramo," akasema.

Basi hapo kesi ikabadilika mahakama. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu siku za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani kwako ukacheka.

"Miaka yote mmepita kwetu na mizigo yenu," akaanza, "mkala mihogo yetu, mkalala barazani kwetu, hatukusema. Leo mmefika hadi mvunguni! Hongo yangu iko wapi?"

Wa sheria akakohoa, akaanza kuitaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Wadeni akamuuliza kabila lake. Akalitaja.

"Wewe si mtani wangu. Nyamaza."

Nikamweleza wa sheria kwamba hapa linazungumzwa neno la karne ya kumi na tisa. Halafu nikachukua kikombe cha bati, nikakijaza mpaka juu. Wadeni akaonja kwa kidole, akafumba macho kidogo, akasema nimwone ofisini Jumatatu, kuna kijana kaahirisha mwaka na kitanda chake kiko wazi. Alipofika mlangoni akalisoma lile andiko la chaki, chungu, chungu, chungu, akatikisa kichwa.

"Hiyo ilikuwa ya kwenda," akasema. "Ya kurudi nitaifuata Alhamisi. Na yule wa kabatini atoke, ataishiwa hewa."

Alhamisi alirudi kweli, ana chapati saba zimefungwa kwenye gazeti. Pamoja naye tulikuwa wanane. Wa hisabati akaomba kalamu.