Barua kutoka Manchester: Kabichi Zimefungwa, Njiwa Yuko Huru

Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo, na watoto wote hapo Ifakara hamjambo? Mimi sijambo, ni baridi tu inayonionea. Hofu na mashaka ni juu yenu na mpunga wenu. Juzi kwenye simu nilisikia sauti ya Baba Mdogo imekauka kwa kupiga kelele, nikajua moja kwa moja: mpunga umeanza kutia maziwa na kwelea kwelea wameingia.

Shangazi, uliniuliza imekuwaje mtu aliyekimbia kuamia ndege utotoni akapanda eropleni kwenda kuamia tena Ulaya. Swali lako ni la haki. Jibu ni sukuma wiki.

Huku halmashauri huwakodisha watu wa mjini vishamba vidogo. Sheria yake ni ya mwaka 1908, na kishamba kizima kwa kipimo cha asili ni kama mita za mraba 250, ingawa wengi siku hizi tunapewa nusu. Foleni yake si mchezo. Wapo wanaojiandikisha na nywele nyeusi wakaja kukabidhiwa wana mvi. Ukishapata, kuna kamati, na kamati ina kanuni: kimo cha kibanda, upana wa njia, magugu yasivuke mpaka. Nimelipa, nimelima, nimepanda sukuma wiki, kabichi na njegere. Ndipo nikatambulishwa kwa wenye shamba.

Wenye shamba ni njiwa. Msicheke. Sahauni yule tetere wa hapo uani anayedonoa chenga za mchele na kuondoka na adabu zake. Njiwa pori wa huku ana uzito wa nusu kilo, kifua cha zambarau iliyopauka na doa jeupe shingoni, anatembea juu ya tuta langu kama padri anayekagua bustani ya misheni. Na huyu hasubiri nafaka, anakula majani. Kiangazi huja kwa njegere na miche. Majira ya baridi, theluji ikishafunika kila kitu, sukuma wiki ndiyo kijani pekee kilichobaki juu ya ardhi, basi huja na ukoo. Nimemtazama kwa karibu: anashika ukingo wa jani kwa mdomo, anarusha kichwa pembeni, jani linachanika, anameza, anashika tena. Akimaliza hubaki bua na ile mishipa minene, mifupa mitupu ya sukuma wiki imesimama safu kwa safu. Ukimkurupusha huruka akigonganisha mabawa, pa! pa! pa!, utadhani anajipigia makofi.

Baba Mdogo, najua mkono wako umeshakwenda kwenye kombeo. Liweke chini. Kuna sheria ya mwaka 1981 inayolinda ndege wote wa porini, viota vyao na mayai yao. Njiwa huyu ana mwanya kidogo: kipo kibali cha jumla cha kumpiga risasi anapoharibu mazao, lakini kina masharti yake, na kamati yetu haitaki kusikia habari ya silaha. Anayetaka kumla anakwenda buchani kununua kidari chake. Siku moja mezani kwa watu nikasimulia kwamba wenzetu wa Kondoa hutega kwelea kwelea kwa vikapu wakawafanya kitoweo. Meza nzima ikanyamaza, wamesikitika kweli. Walikuwa wanakula kuku.

Mapenzi yao kwa ndege si ya jana. Hapa hapa Manchester, eneo la Didsbury, mama mmoja aitwaye Emily Williamson alianzisha mwaka 1889 chama cha kupinga kofia za fahari zilizopambwa kwa manyoya ya ndege. Kikaungana na wenzake, kikakua, ndicho leo kinaitwa RSPB, chama kikubwa cha kuhifadhi ndege. Kila Januari, tangu 1979, chama hicho kimekuwa kikiwaomba watu wakae saa nzima wahesabu ndege walioko uani. Shangazi, saa nzima, kikombe cha chai mkononi, wanahesabu, kisha wanawaacha waende zao!

Jirani yangu wa kishamba, mzee mstaafu mpole sana, kwake ametundika vijisanduku vya alizeti na karanga kwa ajili ya ndege. Karanga, Shangazi! Anazinunua kwa gunia. Asubuhi anawalisha nyumbani, mchana anakuja shambani kuwatukana. Nikamuuliza inakuwaje. Akanieleza, bila kucheka, kwamba wale wa nyumbani ni wageni wake na hawa wa shambani ni wezi. Kwa mtazamo wangu ni walewale, wakishamaliza karanga wanakuja huku kutafuta mboga.

Sasa niwaeleze vita vilivyokwenda. Nilisimamisha sanamu, nikalivika koti langu kuukuu na juu yake jezi ya timu ambayo sitaitaja, maana Baba Mdogo ana presha. Mwanzoni njiwa walijipanga juu ya paa la kibanda wakalichunguza. Baadaye wakahamia mabegani pake. Walioendelea kuliheshimu ni Waingereza: mama mmoja alilisalimia asubuhi yenye ukungu, akalieleza habari za mvua, akaenda zake ameridhika.

Nikatundika CD za zamani kwenye kamba, zile za muziki wa Msondo zilizochubuka, zizunguke na kumulika jua machoni mwao. Dawa nzuri, ila hii ni Manchester, jua lenyewe linakuja kwa miadi. Dukani wanauza pia bundi wa plastiki mwenye macho ya manjano. Nilimshika mkononi nikakukumbuka, Shangazi. Hapo kijijini mtu akinunua bundi kwa pesa yake halali akamsimika uani, jioni hiyohiyo mtendaji anaitwa. Huku wanampanga rafuni karibu na mbolea, na bei juu. Jirani yangu anaye. Njiwa walipoona hageuzi shingo, hofu ikawaisha. Wakulima wazoefu husema kitisho chochote sharti ukihamishe mara kwa mara, kwa kuwa ndege akikikuta mahali palepale kila siku anakifanya samani.

Kinachofaa ni wavu, tena uliowekwa na mtu mwenye subira. Unachukua mabomba ya maji, yale ya plastiki ya bluu, unayapinda upinde na kuchomeka ncha zake kwenye vyuma vifupi ulivyovikita pande mbili za tuta, hatua kwa hatua mpaka tuta liwe na mbavu. Juu yake ndiyo unatandaza wavu. Wavu usiguse majani hata kidogo, kwa sababu njiwa hukaa juu yake, uzito wake ukaubonyeza, naye akala kupitia matundu kwa raha zake. Ukaze mpaka ukiugonga kwa kidole unalia. Uliolegea hunasa miguu ya ndege wadogo na kalunguyeye, na hapo utasemwa na mtaa mzima. Matundu ya sentimita mbili yanamzuia njiwa, lakini kipepeo mweupe wa kabichi anapita na kutaga. Ukitaka kuwazuia wote wawili tafuta wa milimita saba. Kingo zake zifukie au uzikandamize kwa mawe, maana njiwa akishindwa kwa kuruka anaingia kwa miguu. Stroberi ndizo usizifunike kabla matunda hayajashika, nyuki nao wana kazi yao humo.

Hivyo ndivyo hali ilivyo: kabichi zangu zimo kifungoni, mimi napiga magoti kwenye matope kufungua vigingi nikang'oe magugu, na mshitakiwa yuko juu ya uzio anaimba. Siku za upepo wavu unajikunja, na kazi inaanza upya.

Ndege niliyepatana naye ni mmoja, robin, kadogo, kifua chekundu, anayekaa juu ya mpini wa uma wa kulimia kungoja minyoo ninayofukua. Mboga haimhusu. Mwaka 2015, ule wa uchaguzi mkuu wao, zaidi ya watu laki mbili walipiga kura kuchagua ndege wa taifa, naye akashinda. Kwa kura yangu wasingekosea, ingawa sikushiriki.

Nilimweleza jirani jinsi nyumbani tunavyokaa juu ya dungu tangu alfajiri hadi magharibi, kamba za makopo mkononi. Alifurahi sana, akauliza mwamiaji analipwa shilingi ngapi kwa saa. Tukakaa tukapiga hesabu kwa kima cha chini cha mshahara wa Uingereza. Fungu moja la sukuma wiki lingeuzwa kwa bei ya mbuzi.

Kwa hiyo Baba Mdogo, usiniagize nyavu. Zinatosha tuta la bustani. Kwa ekari nne za mpunga hakuna mshahara wa ughaibuni utakaozimaliza, bado mtu juu ya dungu ndiye anayefaa. Na ndege ya serikali ikija kunyunyizia dawa kwenye malalo ya kwelea kwelea, wakatazeni watoto kabisa kuokota waliokufa. Ile ni sumu, haiondoki kwa kukaanga. Shangazi, zile mbegu za mchicha usinifungie ndani ya kitenge kwa mgeni yeyote anayekuja huku. Forodha wanadai cheti cha afya ya mimea, wasije wakamnyang'anya na kitenge. Nitanunua hukuhuku. Kitenge kilete.

Wasalaam,
Mwanenu