Fereti, Fulana na Fungate

Safu ya Mzee Hidaya, mjibu wa maswali ya wenye dhiki

Wasomaji watukufu, barua za mwezi huu zimetoka kwa jamaa zetu walioko Uingereza, ambao, kwa kukosa ua wa kufugia mbuzi na idhini ya kufuga kuku, wameangukia mapenzi ya fereti, mnyama mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu, wa ukoo wa vicheche, ambaye watu wa Ulaya wamemfuga kwa muda upatao miaka 2,000 ili awafukuze sungura mashimoni. Safu hii, ambayo kwa desturi hujibu maswali ya mahari, talaka na mawifi, haikujiona mgeni katika jambo hili, kwani msomaji ataona kwamba mambo ni yale yale, isipokuwa mkia.

*Mzee, mke wangu amenunua fereti wawili, na tangu siku hiyo kila nguo yangu iliyo laini huishia tunduni mwao. Juzi nimeikuta kanzu yangu ya Idi, ya Kiomani, imekuwa godoro. Nilimshauri awatandikie maranda ya mbao kama tunavyowatandikia kuku kwetu, akanijibu kwa ukali. Nani mwenye haki?*
*– Mume Aliyevuliwa, Leicester*

Bwana Uliyevuliwa, haki imegawanyika, na sehemu kubwa imemwangukia mkeo. Maranda ya mwerezi, na ya msonobari mbichi kadhalika, hutoa mafuta yenye harufu kali ambayo huudhuru mfumo wa pumzi na kulisumbua ini. Na kwa kuwa fereti hulala baina ya saa 14 na 18 katika kila siku, pua yake ikiwa imezama ndani ya matandiko, ni dhahiri kwamba alichotandikiwa ndicho anachokivuta kwa sehemu kubwa ya umri wake. Kuku hukaa juu ya maranda. Fereti hujifukia ndani yake, na hiyo ndiyo tofauti uliyoisahau ulipokuwa ukitoa ushauri wako.

Walakini mkeo amekosa katika kuichagua kanzu. Kanzu ya Kiomani, kama ujuavyo, ina kishada kinachoning'inia shingoni, na fereti, hasa aliye mchanga, hutafuna kila kinachoning'inia. Akikimeza, nacho kikauziba utumbo, itabidi apasuliwe, na ujira wa daktari wa wanyama katika nchi hiyo hautakuacha na hamu ya kushona kanzu nyingine. Basi wapewe fulana kuukuu za pamba, mashuka yaliyochakaa bila ya kuchanika, na mablanketi laini yasiyo na nyuzi za kuning'inia. Taulo zisitumike, kwa sababu kucha hunasa katika vile vitanzi vyake vidogo. Wala sweta za kufumwa, kwa sababu hiyo hiyo. Vitu hivyo vifuliwe kila wiki kwa sabuni isiyo na manukato. Mnyama mwenyewe asioshwe mara kwa mara kwa kudhani kwamba harufu yake itapungua, maana ngozi iliyovuliwa mafuta yake huharakisha kutoa mengine, na nyumba ikanuka kuliko jana. Kanzu idai leo, kabla ya magharibi, kwa maneno ya upole.

*Mzee wangu, shikamoo. Nilimletea fereti wangu jike mchumba, mara ya kwanza katika maisha yao na yangu. Dume alimkamata shingoni kwa meno, akamburuta chumba kizima, jike akipiga kelele hata jirani akagonga ukuta. Niliwatenganisha kwa fagio. Je, nilitenda insafu? Na je, siwezi kuiahirisha harusi hii hadi mwakani?*
*– Mwenye Huruma, Leeds*

Marahaba, mwanangu. Umevunja harusi kwa fagio, jambo ambalo hata mawifi wa Kipemba hawajapata kulifanya. Hayo uliyoyaona, kwa viumbe hawa, ndiyo mapenzi yenyewe: dume humshika jike kwa ukosi, humkokota huku na huko, na shughuli yote huweza kuendelea kwa saa nzima au zaidi, ilhali yai la jike haliteremki mpaka apandwe, kwa hiyo ukali huo, ujapokuwa wachukiza macho ya mwenye huruma, una kazi yake katika maumbile. Jirani aombwe radhi, apelekewe sahani ya maandazi. Damu ikitoka kwa wingi, mwite daktari wa wanyama. La sivyo, fagio lirudi jikoni.

Ama swali lako la kuahirisha, hapa naacha mzaha. Jike huingia katika joto siku zinapoanza kurefuka, yaani majira ya machipuo, na dalili yake ni uke kuvimba hata usiweze kukosea. Asipopandwa, joto hilo haliondoki lenyewe baada ya muda mfupi kama kwa ng'ombe, bali huweza kuendelea kwa miezi, na homoni inayolileta huudhoofisha uboho wa mifupa hata damu ikapungua mwilini na mnyama akafa. Kwa hiyo mwenye fereti jike hana ruhusa ya kungoja mwakani kwa kungoja tu. Ana njia nne: ampandishe, amdunge sindano ya homoni kwa mganga wa mifugo, amtafutie dume aliyefungwa mirija, ambaye humtuliza bila ya kumtia mimba, ingawa huenda jike akajidhania mjamzito kwa wiki sita, au amfunge uzazi kabisa, kwa shauri la mganga yule yule. Ukichagua njia ya kwanza, waache wamalize, kisha utazame: uvimbe ukinywea katika wiki mbili au tatu, yamkini posa imekubaliwa.

*Mzee Hidaya, jike letu lina mimba. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga, ameahidi kuwapokea watoto kwa mikono yake na kuwafukizia udi. Tuandae nini, na je, tumzuie?*
*– Mkwe wa Watu, Milton Keynes*

Ndugu Mkwe, mimba ya fereti ni siku 41 au 42, yaani arobaini huja kabla ya uzazi, si baada yake, na hilo pekee litamshangaza mama. Dume atolewe kabla ya siku ya kuzaa. Sanduku la uzazi liwe na ukingo wenye kimo cha sentimita 15 hivi, ili mama mzazi apite na mwanawe asibingirike nje, na litandikwe kitambaa laini kisicho na tundu wala uzi uliofumuka, maana uzi mmoja ukimviringa mtoto mguuni humkata damu kabla mtu hajajua. Chakula kiwe nyama na kisikosekane saa yoyote, hasa wiki za mwisho, kwani jike mwenye watoto wengi tumboni akishinda na njaa huweza kuugua ugonjwa wa kufisha; na siku ya 43 ikifika bila ya uchungu, apelekwe kwa daktari, maana mtoto akiwa mmoja tumboni, nguvu za kuuanzisha uchungu mara nyingine humpungukia.

Watoto huzaliwa na uzito wa gramu 10 hivi, vipofu na viziwi, na macho yao hayafunguki mpaka wiki ya tano inapokaribia. Katika siku za mwanzo, jike akiudhiwa kwa kelele, kwa mikono migeni au kwa harufu ngeni, aweza kuwala watoto wake. Kwa hiyo udi ubaki kebeheni na mikono ya mama ibaki kwenye chapati. Aidha, kama mama ameshuka kwenye ndege na mafua, asikaribie kabisa, kwa sababu fereti huambukizwa homa ya mafua ya binadamu barabara: mwaka 1933, huko London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walikitambua kirusi cha maradhi hayo kwa kuwaambukiza fereti, na baadaye fereti mmoja mgonjwa akampigia chafya mtafiti, naye akaugua. Mama mkwe aambiwe kwamba si kwamba mnamzuia, bali mnamhifadhi. Akiuliza na nini, mwambieni na chafya.

*Mzee, nimepiga hesabu: watoto wanane kwa uzao, mizao miwili kwa mwaka. Nitawauza hapa, nimpelekee ndugu yangu California, na binamu yangu Mombasa. Nibariki.*
*– Mtaka Faida, London*

Bwana Mtaka, hesabu yako ni sahihi mpaka pale panapoingia fereti. Watoto wanane wanataka nyama mara nyingi kwa siku, maana chakula hakikai matumboni mwao zaidi ya saa tatu au nne. Wanataka chanjo, wanataka matundu, na wanataka wanunuzi katika nchi ambayo nyumba za kuwahifadhi fereti waliotupwa hazikosi wageni. Jimbo la California limepiga marufuku kufuga fereti majumbani, kwa hiyo nduguyo atapokea zawadi pamoja na askari. Na Mombasa, mwezi wa Februari, joto hupita nyuzi 30, kiwango ambacho mnyama huyu, asiyeweza kutoa jasho la kumpoza, huzimia kwacho. Binamu yako atalazimika kumwekea kiyoyozi, mwenyewe akalala barazani. Baraka ninazo, lakini sizimwagi. Faida utaipata katika kuku. Fereti mfuge mmoja au wawili kwa mapenzi, na uwahasi.

*Tanbihi: Yule bibi wa Pangani aliyeuliza kama shauri hili la mwisho lafaa pia kwa mumewe, tafadhali aandike tena, aeleze kosa.*