Mtumishi Asiye na Mwajiri

Tarehe 15 Agosti 1991, kutoka Plesetsk, Wasovieti walirusha setilaiti ya hali ya hewa iitwayo Meteor-3-5. Siku nne baadaye vifaru vikaingia Moscow katika jaribio la mapinduzi, na kabla ya mwaka kwisha nchi yenyewe ikafutwa. Kazi ya chombo hiki ilikuwa kutazama mawingu na kuonya watu mapema. Dhoruba iliyokuwa ikijikusanya juu ya Kremlin hakikuiona hata kidogo. Tusikilaumu sana, Gorbachev mwenyewe, kiongozi wa nchi hiyo, siku ya urushaji alikuwa likizo Crimea, anapunga upepo.

Tena hakikwenda peke yake. Wamarekani walidandia: kifaa cha NASA cha kupimia ozoni, TOMS, kilifungwa ubavuni. Mahasimu miaka zaidi ya arobaini, kumbe wanaweza kupanda gari moja, tena bila kugombania siti! Abiria huyo alinyamaza Desemba 1994.

Gari lenyewe bado liko barabarani. Kwenye kimo cha kilomita 1,200 hivi hakuna hewa ya maana ya kulipunguza mwendo, kwa hiyo linaizunguka dunia kila dakika 109, na litaendelea hivyo kwa karne nyingi. Bendera iliyolituma ilishateremshwa zamani. Kisheria mrithi ni Urusi, na Mkataba wa Anga wa 1967 hauondoi umiliki kwa sababu tu chombo kimechakaa. Kiti cha marehemu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Urusi ilikikalia hata kabla hakijapoa. Lakini hili kongwe la angani, mpaka leo, halijapata wa kuligombania.