Waheshimiwa, Naomba Kujua Nina Kura Ngapi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Kanuni na Taratibu,
Chama cha Democratic,
Washington, D.C.

YAH: OMBI LA KUJULISHWA IDADI YA KURA ZANGU KWA AJILI YA MCHUJO WA 2028

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wenu mwaminifu, mzaliwa wa Morogoro, mkazi wa Houston, raia wa Marekani kwa kiapo. Nasikia mmekaa tena kupanga jimbo lipi litangulie kupiga kura 2028 na lipi lisubiri mlangoni. Kabla hamjafika mbali nina jambo dogo la kiutawala: mnijulishe kwa maandishi nitakuwa na kura ngapi. Siombi nyingi. Nataka tu kujua kama ni moja, au mbili, au nusu, au ni ile ambayo inapigwa kwanza halafu mnakaa kikao kuamua ilikuwa ya nani. Zote hizo nimeziona kwa macho yangu, na zote zilitoka ofisini kwenu.

Mwaka ulionisomesha ni 2008. Hillary Clinton na Barack Obama walibanana kuanzia Januari hadi Juni, nami niliacha tamthilia nikahamia kwenye hesabu ya wajumbe, wale wa mkutano mkuu wanaomteua mgombea. Zamu ya usiku nilikuwa na karatasi ya hesabu mfukoni, na wenzangu kazini nao walikuwa na zao. Wengine hufuata kampeni kwa ajili ya hotuba. Sisi tuliokolea tulifuata wilaya, kwa sababu ninyi mlihakikisha kwamba mshindi wa kura na mshindi wa wajumbe si lazima wawe mtu mmoja. Nevada, tarehe 19 Januari, Clinton alishinda. Obama akaondoka na wajumbe 13, mshindi akabaki na 12. Nilidhani mtangazaji ameteleza ulimi.

Hakuteleza. Nikaja kujifunza kwamba wagombea wakiwa wawili, katika wilaya yenye wajumbe wanne ukipata asilimia 62 ya kura mnagawana wawili kwa wawili na yule uliyembwaga. Katika wilaya yenye watatu, ukimzidi kwa kura moja unachukua wawili. Kwa hiyo ushindi mnono mahali penye namba shufwa haukusaidii kitu, na ushindi wa kubahatisha mahali penye namba witiri unakupa mtaji. Nilipomweleza mjomba wangu kwa simu alinyamaza muda mrefu. Yeye ni mtu wa CCM damu, na uteuzi wa 2005 pale Chimwaga, Dodoma, bado alikuwa nao kichwani: wagombea 11, Kamati Kuu ikabakiza 5, Halmashauri Kuu ikabakiza 3, Mkutano Mkuu ukamchagua Kikwete. "Sisi ni hesabu ya kutoa tu, mwanangu," aliniambia. "Hiyo yenu mimi shule sikuifikia."

Nashukuru hakuniuliza kuhusu Guam. Kisiwa kile kura yake ya urais ya mwezi Novemba haihesabiki, lakini katika mchujo mnakikaribisha, na wajumbe wake mwaka ule walikuwa wa nusu kura kila mmoja. Obama alishinda huko kwa kura 2,264 dhidi ya 2,257, kisha wakagawana sawasawa.

Sasa Texas, kwetu. Hapa naomba mnivumilie. Jimbo lilikuwa na wajumbe 193 wa kugombewa: 126 kwa kura ya mchana na 67 kwa mkutano wa usiku. Tarehe 4 Machi unapiga kura yako kama binadamu, unatunza ushahidi kwamba umepiga, halafu vituo vikifungwa saa moja jioni unarudi palepale saa moja na robo kumchagua mgombea yuleyule kwa mara ya pili. Jirani yangu Mkenya, ambaye usingizi ulikuwa umeanza kumrudia wiki hiyo tu baada ya Kibaki na Raila kutia saini makubaliano ya kumaliza ghasia za uchaguzi Nairobi tarehe 28 Februari, aliposikia tunarudi kituoni alinisogelea akapunguza sauti: "Dada, una hakika hatutashikwa?"

Tulikuta watu wamefurika ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, hadi chini ya goli la mpira wa kikapu. Meza mbili, kipaza sauti hakuna, msimamizi kapanda juu ya benchi anapiga kelele ambazo hazivuki mstari wa tatu. Fomu zikaisha. Baba mmoja akachana daftari la mwanawe, akaazima rula, akapiga mistari: jina, anwani, mgombea. Hiyo ndiyo ikawa kura ya usiku, wazi kabisa, na aliye nyuma yako anakuchungulia begani. Siri ya kura ilikuwa imefungwa saa moja pamoja na kituo. Mama mmoja mwenye sare ya hospitali alisaini huku anakimbilia zamu. Mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu aliuliza kama hii inafuta ile ya asubuhi. Akajibiwa kwamba haifuti, inajumlishwa. Akauliza inajumlishwa na nini. Tukaangaliana.

Jibu lilipatikana miezi mitatu baadaye, baada ya mikutano ya ngazi nyingine na mkutano wa jimbo mwezi Juni. Clinton alishinda kura ya mchana kwa asilimia 51 dhidi ya 47, akapata wajumbe 65 kwa 61. Usiku Obama akapata 38 kwa 29. Jumla: aliyeshindwa 99, mshindi 94. Mimi nilikuwa upande wa Obama, kwa hiyo nilishangilia, tena kwa vigelegele. Lakini mama yule wa hospitali alikuwa na bahati: alikuwa na mtu wa kumshikia zamu robo saa. Kuna wasafisha ofisi wa mtaani kwetu waliopiga kura asubuhi na jioni wakawa kazini. Wao walikuwa na theluthi mbili ya kura yangu, na hakuna aliyewapa taarifa.

Naona mmeifuta ile ngoma ya Texas ya hatua mbili. Kufikia 2016 tulipiga mara moja tu. Tunashukuru. Ila kipaji chenu halisi mlikionyesha Washington, tarehe 31 Mei 2008, katika ukumbi wa hoteli, mbele ya kamera. Siku hiyo niliiangalia yote. Dada zangu waliokuja kunitembelea walidhani nafuatilia kesi ya mauaji.

Kesi ilikuwa ya Florida na Michigan. Majimbo hayo yalipanga kura zao mapema kuliko mlivyoruhusu. Kanuni yenu wenyewe ilisema adhabu ni kukatwa nusu ya wajumbe. Warepublican, ambao nao walikuwa na watoro wao, wakakata nusu na kwenda zao. Ninyi mkaona nusu ni huruma, mkakata wote. Watu milioni 1.7 wa Florida wakaenda kupiga kura ya Democratic tarehe 29 Januari wakijua haihesabiki, jambo ambalo mimi naliita imani na ninyi mnaliita ukiukaji. Michigan, Obama na wengine waliondoa majina yao kwenye karatasi. Clinton akabaki, akapata asilimia 55, na asilimia 40 wakachagua kisanduku cha wasio na msimamo.

Mei ilipofika na mchuano haujaisha, ghafla zile kura zisizohesabika zikawa zinahitajika kuhesabiwa. Mheshimiwa Harold Ickes, mjumbe wa kamati yenu, aliyeunga mkono adhabu ile mwezi Agosti 2007, sasa akiwa mshauri wa Clinton alisimama kutetea haki takatifu ya wapiga kura walewale. Simlaumu. Ukiwa na nyumba mbili, lazima ulale kwa zamu. Mkaenda kula chakula cha mchana, na hicho chakula, Waheshimiwa, kilikuwa cha saa nyingi. Mimi nilipika, nikala, nikaosha vyombo, nikapiga pasi, hamjarudi. Mliporudi mlikuwa mmeshiba hekima. Florida irejeshwe, ila kila mjumbe awe na nusu kura. Michigan vilevile, na wagawanywe 69 kwa Clinton, 59 kwa Obama.

Hapo kwenye 59 ndipo karatasi yangu ya hesabu ilipokwama. Mtu ambaye jina lake halikuwapo kwenye karatasi ya kura alipata wajumbe 59, kila mmoja na nusu kura yake. Mlichukua wale wasio na msimamo, mkawapa msimamo. Mkaongeza kura za walioandika jina la mgombea kwa mkono, ambazo hazikuwa zimehesabiwa, na makadirio ya waliohojiwa nje ya vituo. Mkapata jibu, mkalipigia kura 19 kwa 8. Nimewahi kuona kura zikiibwa, Waheshimiwa, na nimewahi kusikia zikihamishwa usiku. Kura kukisiwa kwa pamoja, mchana, kwa nia njema, na wanasheria wakiwa wamekaa hapo, hiyo ilikuwa mpya.

Na hiyo nusu. Kamati za harusi za Dar es Salaam zinajulikana kwa ukali, usipochanga huingii. Lakini hata wao hutoa kadi ya single au ya double. Hakuna kamati iliyowahi kumkaribisha mtu nusu. Mngemwona mjumbe wa Florida mlangoni mwa mkutano mkuu Denver, angeingia upande gani?

Swali hilo halikuhitaji jibu, kwa sababu Agosti, mshindi akiwa ameshajulikana na hakuna cha kugombea, mlizirudisha nusu zote zilizobaki za Florida na Michigan. Kura kamili, kila mjumbe. Kwa hiyo utaratibu, kama nimeuelewa, ni huu: kura ikiwa na uzito haihesabiki, na ikihesabika haina uzito.

Kuhusu wale wajumbe wakubwa wasiochaguliwa na mtu, superdelegates, niseme machache maana mmeshawapunguza makali. Mliwaanzisha baada ya tume ya Gavana James Hunt, 1982, ili wazee wa chama waweze kuturudi sisi wengine tukichagua vibaya. Mwaka 2008 walikuwa karibu mjumbe mmoja kati ya watano. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi, akipigiwa simu na watu maarufu na kukaribishwa chai, huku mimi mwenye mikopo miwili na watoto shuleni nikipigiwa simu na mashine. Mwaka 2018 mkawazuia kupiga kura ya duru ya kwanza. Nilifurahi. Nyumbani Tanzania, baada ya kura za maoni za CCM za 2020, watu waliotoswa walibuni msemo wao: wajumbe si watu. Niliwaambia wavumilie, huku kuna waliokuwa nusu mtu rasmi.

Nilidhani mmejifunza. Februari 2020 Iowa ikaja na programu ya simu ya kutuma matokeo. Programu ikagoma, matokeo yakachukua siku, na yalipotoka Sanders alikuwa na kura nyingi zaidi na Buttigieg wajumbe wengi zaidi. Nevada yangu ya zamani, imevaa nguo mpya. Mwaka 2024 mkaiweka South Carolina mbele. New Hampshire ikakataa, ikapiga kura tarehe 23 Januari kama kawaida yake, ninyi mkaiandikia barua kwamba zoezi hilo halina maana. Biden, ambaye hakuwa kwenye karatasi, akashinda kwa kuandikwa kwa mkono. Agosti wajumbe wa New Hampshire walikuwa wameketi kwenye mkutano mkuu Chicago, wazima, miguu miwili kila mmoja. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Na mwaka huohuo mlifikia ukamilifu wenyewe. Watu zaidi ya milioni 14 walimpigia Biden kura ya mchujo, Julai akajitoa, mgombea akawa Kamala Harris, kwa kura za wajumbe zilizopigwa mtandaoni. Simlaumu Biden kwa kuondoka wala Harris kwa kupokea. Nataka tu iingie kwenye kumbukumbu kwamba mnajua kufanya haraka mkitaka. Hakukuwa na chakula cha mchana.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ombi langu. Kwanza namba, kama nilivyosema juu. Kama itakuwa nusu, naomba nipangiwe foleni ya nusu, maana huku kwetu kusimama ni saa mbili hadi tatu na sioni sababu ya kulipa bei kamili. Kama itakuwa mbili, nipewe barua ya kumpelekea mwajiri. Kama ni ile ya kukisiwa, msinisumbue kabisa. Nitawatumia picha yangu mnikisie kutokana na sura, nami nibaki na watoto.

Na kama kwa bahati itakuwa moja, nzima, inayohesabiwa siku ileile kwa yule niliyemchagua, basi mniambie mapema sana. Nitahitaji muda wa kumwandaa jirani yangu. Yeye bado anaweka ile karatasi ya daftari ndani ya Biblia, endapo polisi watauliza.

Wenu katika ujenzi wa chama,

Mpiga kura (hali yake inasubiri uamuzi wa kamati),
Houston, Texas.

Nakala: Chama cha Democratic, New Hampshire. Barua hii haina maana, isomeni hivyohivyo.