Heko, Barafu ya Shilingi Mia

Mnazi umesifiwa hadi kifuu chake. Ngamia kasifiwa, jahazi limesifiwa, hata chai ya rangi ina watetezi wake. Barafu ya shilingi mia, ile ya ubuyu inayogandishwa kwenye kifuko chembamba cha plastiki na kufungwa fundo, haijapata hata ubeti mmoja. Inang'atwa pembe, inanyonywa, ganda linatupwa, basi. Deni hilo lilipwe leo, na lilipwe Same, ambako barafu ina kazi nzito.

Mji wa Same umekaa chini ya Milima ya Upare, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, upande ambao mvua huisikia kwa jirani. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hushusha mzigo wake huko juu, kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita zipatazo 2,460. Huko watu huvaa sweta. Mjini hufika upepo, vumbi na jua. Ikigonga saa saba mchana mabati ya darasa hulia kwa kutanuka, na watoto wa darasa la kwanza huwa wameshalegea kama mchicha uliochumwa asubuhi.

Anayesifiwa sharti atajiwe ukoo. Kwa mama, barafu hii ni mjukuu wa mbuyu, mti unaoonekana umesimama kwa fahari kwenye tambarare za chini ya milima hii, mnene kama tangi la maji. Wanasayansi waliupa jina la Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza Senegal katika karne ya 18. Unga mweupe unaofunika mbegu zake una uchachu wa kukunja uso na vitamini C tele. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliuidhinisha uuzwe huko kama chakula kipya. Chakula kipya! Bibi aliyekuwa akikoroga ubuyu kabla Umoja huo haujaundwa angecheka hadi ashike mbavu.

Kwa baba, barafu ni mtoto wa friji ya jirani, ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, yenye kibao cha kadibodi getini: BARAFU ZIPO. Kati ya wazazi hao wawili huingia sukari na rangi nyekundu. Hiyo rangi ndiyo itakayotoa ushahidi baadaye.

Sasa tuseme ni Ijumaa, siku ya kufunga shule. Madam wa darasa la kwanza ana watoto 70 na moyo mwema. Amehesabu: barafu 70 ni shilingi 7,000, nafuu kuliko biskuti, na hakuna mtoto wa Same atakayekataa. Deli linaletwa na bodaboda, linawekwa nyuma ya mlango, linafunikwa kitenge. Imebaki kuwagawia tu.

Kabla ya kugawa, kuna matangazo ya mwalimu mkuu. Michango. Siku ya kufungua. Kila mtoto arudi na ufagio. Mwenyekiti wa kamati ya shule naye ana mawili matatu. Dakika arobaini zinapita juani, mstarini, na kule nyuma ya mlango barafu haisubiri tangazo la mtu.

Deli linapofunguliwa, za juu zimekuwa juisi na za chini zimeshikana kama tofali. Darasa linagawanyika papo hapo katika mataifa mawili: wenye maji na wenye jiwe. Mwenye jiwe analigonga kwenye dawati, linapasuka, linamrukia wa mbele yake mgongoni. Mwingine ameamua kulikalia ili lilainike, na limelainika kweli. "Madam, yangu imetoboka!" "Madam, huyu kaninyonyea!" "Madam, mimi yangu haina barafu, ina maji tu!" Kwenye kona, mtoto mmoja mkimya hajaila yake. Anaifunga vizuri, anaitia katikati ya daftari kwenye begi, amemwekea mdogo wake nyumbani. Humo humo kwenye begi imo ripoti ya muhula.

Mashati yalikuwa meupe asubuhi. Kufikia saa nane darasa zima linafanana na bucha. Na kwa kuwa siku ya kuumbuka haina subira, anapiga hodi Afisa Elimu Kata. Watoto wanasimama kwa adabu yote waliyofundishwa: "Shikamoo mwalimu!" Ndimi sabini, zote nyekundu isipokuwa moja.

Hapa ndipo wasioelewa hulaumu barafu. Wapimaji wa haki waitazame upya. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu bila hata kupanda nyuzi moja, hudai kilojuli 334, joto ambalo lingetosha kuyatoa maji yale yale kwenye nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Maana yake barafu ya deli lile ilipigana. Ilisimama dakika arobaini dhidi ya jua la Same, na kilichoiangusha ni wema wa aliyeitengeneza, kwa sababu sukari hushusha kiwango cha kuganda. Kadiri mama wa barafu anavyomimina sukari kwa upendo, ndivyo barafu inavyowahi kusalimu amri.

Madam asijilaumu pia. Mwaka 1833 tajiri wa Boston, Frederic Tudor, alipeleka kwa meli tani 180 za barafu hadi Calcutta. Baada ya miezi minne baharini zilifika kama 100, na mji ukafanya sherehe. Tudor alikuwa na maranda ya mbao ya kuzuia joto, madam alikuwa na kitenge kimoja.

Lakini sifa kubwa ya barafu ni kwamba haiogopi cheo. Imezoea kuaibisha wakubwa, na katika ukanda huu imefanya hivyo kwa muda mrefu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, mlima unaoonekana kutoka vilele vya Upare asubuhi isiyo na mawingu. Akaandika kwamba ni theluji. Huko London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimcheka na kushikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Alishikilia hivyo hata safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipomthibitishia kila mtu mwingine. Wachaga waliokuwa wakiamka chini ya weupe huo kila siku hawakuulizwa.

Miaka mia na ushei baadaye ikaja zamu ya walimu wa fizikia. Ukitoka Same ukaishika barabara kuu kupitia Makanya, Hedaru na Mkomazi hadi Mombo, kisha ukapinda kushoto kupanda Usambara, utafika Lushoto na juu yake Magamba. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya huko, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa na mchezo wa kujitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaingiza kwenye friji. Friji ilikuwa na nafasi chache na wagombea wengi.

Siku hiyo Mpemba alikuwa akichemsha maziwa aliyonunua kwa akina mama wa pale. Mwenzake alipomwona, akakoroga sukari kwenye maziwa mabichi na kukimbilia friji. Mpemba akaona akisubiri maziwa yapoe, trei ya mwisho imekwenda. Akaamua liwalo na liwe, akayaingiza ya moto, huku akijua anaweza kuiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu akarudi: yake yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Likizoni akakutana Tanga na rafiki yake muuza aiskrimu, ambaye hakushangaa hata kidogo. Yeye huiweka ya moto ili iwahi kuganda. Hapo barafu ilikuwa imeshachagua upande, na ilimchagua mchuuzi. Mpemba alipohamia sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likaipokea kama kibwagizo: akikosea hesabu, wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa idara ya fizikia katika Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, akauliza swali lake la maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara jaribio hilo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yametangulia kuganda, na kwa uaminifu wote akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia inaiita athari ya Mpemba. Kumbe Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kuligusa jambo lenyewe, ila hawakuwa na foleni ya friji ya kuwasukuma.

Na bado barafu haijaacha kuwasumbua. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu yapatayo 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wakisema hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba jambo hilo hutokea kwa maji. Wengine wanasema hutokea, ila kwa masharti. Maprofesa wanabishana, friji ya mtaani inaendelea kutetemeka usiku kucha.

Wapo wanaoishtaki barafu kwa makosa ya kweli. Maji yasiyochemshwa huleta tumbo la kuendesha. Vifuko huzagaa uwanjani, na tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, vinaonekana zaidi kwa kuwa vimebaki peke yao. Mashtaka yanapokelewa. Hata hivyo, shtaka la maji lina dawa inayoipendeza barafu yenyewe: yachemshwe.

Basi walimu wa Same, na wa Mwembe, Kisiwani na Hedaru, mkifunga shule mwakani nunueni barafu tena. Matangazo yafanyike baada, si kabla. Na asubuhi ya siku hiyo mtafuteni jirani mwenye friza, mweke humo vikombe viwili vya bati vinavyolingana, kimoja cha juisi ya ubuyu iliyotoka jikoni sasa hivi, kingine cha iliyokwisha kupoa. Watoto wabashiri kipi kitatangulia, muda uandikwe ubaoni kwa chaki, na tambara la kufutia sakafu liwe karibu.