Dola Zangu Zilivyosomwa Chini ya Mwembe

Upepo ulioezua nyumba ya bibi ulikuja Jumanne usiku. Jumapili yake ukoo mzima ulikuwa chini ya mwembe, baba mkubwa kashika daftari la michango, kalamu kaichomeka sikioni. Zinatakiwa bati 40 za geji 28, mbao, misumari, na fundi ambaye kwa bahati mbaya si ndugu. Kila mtu anasimama, anataja chake, anaketi.

Mimi nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilivaa lile shati langu lenye kola iliyogeuzwa, na uso nikaupa sura ya mkulima anayesubiri malipo ya tumbaku. "Wazee wangu," nikasema, "hali mnaiona. Niandikieni 20,000, na hiyo yenyewe naenda kuikopa."

Baba mkubwa akaandika. Kina mama wakaguna kwa huruma. Ndipo mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuo huko Dodoma, akainua macho kutoka kwenye simu.

"Mjomba, mbona waleti yako ina dola 612?"

Kwetu Ushetu ukitaja dola hakuna anayehitaji mkalimani. Bei ya tumbaku hutangazwa kwa dola kwa kilo, na hata bibi yangu anajua dola imeamkaje. Kabla sijafungua mdomo, mtu wa nyuma alishapiga hesabu: "Milioni moja na nusu hiyo!"

Niseme hizo dola zilikotoka, maana najua nawe umeanza kunitazama vibaya. Nina kibarua cha kusikiliza sauti za watu wakizungumza Kiswahili na kuziandika, kazi ya kampuni ya ng'ambo. Wanalipa kwa USDT, sarafu ya mtandaoni inayotembea sambamba na dola. Rafiki yangu wa Kahama ndiye aliyenifungulia waleti, na sifa aliyoipigia debe kuliko zote ni siri. "Hii haina jina," aliniambia. "Ni anwani tu, herufi na tarakimu 34, inaanza na T. Nani atajua ni wewe?"

Nilifurahi mno. Kwa wakala wetu wa pesa za simu unataja namba yako kwa sauti mbele ya foleni, naye anakuandika jina kwenye kaunta buku. Ukifika nyumbani, jirani yuko kwenye kigoda anakusubiri, ana shida ndogo.

Kumbe upande wa pili wa jambo hilo sikuuliza. Kwa wakala jina lako liko wazi, ila salio unalijua wewe na kampuni ya simu. Kwenye sarafu hizi ni kinyume chake: jina halionekani, lakini salio, kilichoingia, kilichotoka, siku na saa, vyote vimeanikwa kama mpunga juani. Daftari ni la dunia nzima na halina kifutio. Yupo Mmarekani aliyelipa bitcoin 10,000 akapata pizza 2, Mei 2010, na muamala wake unasomeka mpaka leo. Sembuse mimi.

Kilichobaki siri ni jina tu, na jina nililitoa mwenyewe. Miezi mitatu mfululizo picha yangu ya WhatsApp ilikuwa sura yangu nikitabasamu, pembeni kile kimraba cha vinukta vyeusi chenye anwani ya waleti, chini nimeandika: "Napokea malipo ya kimataifa." Nia yangu ilikuwa kumchoma roho shemeji mmoja aliyefungua duka mjini. Mpwa alikielekezea simu, akaingia kwenye tovuti ambayo haimdai mtu nywila wala kitambulisho, akasoma.

"Endelea," baba mkubwa akamwambia. "Kuna nini kingine humo?"

"Tarehe 3 zimeingia dola 140. Tarehe 17 zimetoka 95."

"Zimetoka kwenda wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya mke wangu.

Nikasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Mke wangu akahesabu kwa vidole. Tarehe 18 ndiyo siku sabufa ilipoingia ndani kwetu, ile niliyosema nimekopeshwa na rafiki hadi mavuno. Hakunijibu kitu. Alijifunga khanga upya, polepole, na wanaume waliooa wataelewa.

Binamu yangu mwalimu akajitia kunisaidia. Akaeleza kwamba serikali nayo inazitambua mali hizi za kidijitali, na tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 zinakatwa kodi ya asilimia 3. Baba mkubwa akaitoa kalamu sikioni. "Serikali asilimia 3," akasema. "Na sisi tuliomlea?"

Bati zote 40 ziliandikwa kwangu.

Kikao kilipovunjika, baba mdogo alinivuta kando. Huyu ni mchimbaji wa siku nyingi, alichimba Bulyanhulu kabla ya kampuni kuingia, kisha Nyarugusu, na kwa dhahabu aliyowahi kushika mkononi angeweza kuwa na ghorofa, ila hiyo ni hadithi nyingine. Soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na mzigo ukawa unapimwa na kuandikwa kitabuni, alinung'unika mwaka mzima. "Mwanangu," akaniambia, "sisi duara la mgodi likitema dhahabu, siku hiyo ndiyo mtu anakwenda dukani kukopa unga. Anakopa kwa sauti, wamsikie. Wewe duara lako umelipiga picha ukalitundika barabarani."

Nilimwelewa usiku huohuo. Nikafungua anwani ya pili ili nihamishie kila kitu gizani. Nikabonyeza kutuma, simu ikakataa. Ada ya kutuma kwenye mtandao ule hailipwi kwa USDT, inataka sarafu nyingine iitwayo TRX, nami sikuwa nimebakiwa nayo hata chembe. Nina dola 612 na nimekosa nauli! Rafiki wa Kahama hapatikani. Kijiji kizima aliyekuwa na TRX ni mtu mmoja, na saa nne usiku nikamgongea. Mpwa alinirushia bila hata kuuliza. Niliona ni adabu.

Asubuhi akanikuta kwenye chai. "Shikamoo, mjomba. Naona umehama."

Alinieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto. Ukihamisha zote kutoka anwani ya kwanza kwenda ya pili, daftari linaiandika njia nzima. Ni kama kuhama nyumba usiku huku unaburuta kitanda kwenye mchanga.

Basi nikaamua kuziuza, bati zinunuliwe yaishe. Huko kwenye soko la sarafu wanataka kwanza wakujue: kitambulisho cha taifa mbele na nyuma, na picha ya uso. Nikaenda Kahama, steshenari moja, kijana akaskani, akanitumia. Nikamweleza na sababu, maana huwa siwezi kunyamaza. Wiki iliyofuata nimerudi kuchapa barua, naona kwenye kioo cha kompyuta faili lenye sura yangu. Jina lake: MZEE WA DOLA. Nikamwambia kwa ukali kwamba nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inafanya kazi tangu Mei 2023, na tume yake ipo. Akanisikiliza hadi mwisho. "Mzee," akasema, "nikufutie, au nikutolee kopi nyingine?"

Aliyenunua dola zangu alinilipa kwa pesa za simu. Kwenye simu yake likatokea jina langu kamili, majina yote matatu, kama kwenye cheti cha ubatizo.

Siku zile vikaanza kuingia pia visenti nisivyovijua kwenye waleti, sehemu ya milioni ya dola kila kimoja, kutoka anwani inayofanana na ya mnunuzi wangu herufi za mwanzo na za mwisho. Nikadhani ni salamu. Mpwa akaniwahi: ni matapeli, wanategemea siku moja uinakili anwani yao kwa haraka ukidhani ni ya mteja wako. Tangu hapo nasoma herufi zote 34 kwa kidole, moja moja, kama babu na Biblia.

Bibi sasa ana paa. Mimi nina anwani ya tatu, ambayo haijawahi kusalimiana na ya kwanza wala ya pili. Kampuni inalipa humo moja kwa moja, na TRX ya nauli nilijinunulia mwenyewe. Ile ya kwanza imebaki na senti 41, na kimraba chake bado kiko kwenye picha yangu ya WhatsApp, makusudi. Mpwa huikagua kila mwezi na kuwatangazia ndugu kwa masikitiko. Kikao kijacho ni cha mahari yake, na lile shati nimeshalifua.